Utakayokutana Nayo Kwenye Chumba cha Kolposkopi

Shikamooni wakubwa zetu, na wengine nyote hamjambo. Akina baba mliowasindikiza wake zenu, msikae nyuma. Mazungumzo haya ni yenu pia, na punde mtaona kwa nini.

Wengi hapa mna karatasi ya rufaa. Imeandikwa kolposkopi, pengine na tarehe, basi. Foleni ilikuwa ndefu, aliyekuandikia hakupata nafasi ya kukueleza, ukarudi nyumbani na mawazo mawili: kwamba tayari una saratani, na kwamba unakwenda kukatwa. La kwanza si kweli kwa walio wengi wanaopewa rufaa hii. La pili lina ukweli mdogo, mdogo kama punje ya mchele, na tutalifikia bila kuficha kitu.

Kolposkopi ni kuangalia. Mtoa huduma anauangalia mlango wa kizazi, ambao wengine mnauita shingo ya kizazi, yaani sehemu ya chini ya mji wa mimba inayochomoza ndani ya uke. Anatumia darubini ya macho mawili yenye taa kali. Darubini hiyo, kolposkopu, inaweza kukuza hadi mara 40, ingawa kazi nyingi hufanyika kwa ukuzaji mdogo kuliko huo. Haiingii mwilini. Tunalisema hili mapema kwa sababu kifaa ni kikubwa, kimesimama kwenye mguu wake, na anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani vinginevyo. Kinakaa nje, kama sentimita 30 kutoka kwenye kile kinachoangaliwa. Kinachoingia ukeni kukaa ni spekulamu, kile kifaa cha kupanulia ulichokutana nacho ulipopimwa mara ya kwanza. Vingine ni pamba na vifaa vyembamba vinavyopita katikati yake. Wala kipimo hiki si cha majaribio: daktari Hans Hinselmann alikianzisha huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1925.

Umeitwa kwa sababu kipimo chako cha mwanzo kilikuwa cha kuchuja. Kiwe ni cha kirusi cha HPV, cha Pap (seli zinazokwanguliwa na kuangaliwa maabara), au cha kupaka siki na kuangalia kwa macho, kazi yake ni kuwatenga wanaohitaji kuangaliwa kwa makini na wasiohitaji. Hakitoi hukumu. Wengine huitwa bila kipimo hicho, kwa sababu wanatoka damu baada ya tendo la ndoa, au kwa sababu aliyewapima aliona kitu kwenye mlango wa kizazi ambacho hakukiridhia.

Tusimame kidogo kwenye HPV, maana hapo ndipo nyumba hutikisika. Kirusi hiki huambukizwa kwa kugusana sehemu za siri, na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na kikibaki kwa miaka ndipo huweza kuanza kubadili seli. Aina zake ni nyingi. Mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kirusi kinaweza kunyamaza mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana kwenye kipimo, kwa hiyo jibu la leo halisemi kiliingia lini wala kililetwa na nani. Akina baba, lishikeni hilo. Mke akirudi na jibu la HPV hajarudi na ushahidi wa uzinzi, wa kwake wala wa kwako. Wapo wanawake wasiofika kolposkopi kwa sababu ya maswali yanayowangoja nyumbani, na kifaa hawakiogopi hata kidogo.

Sasa maandalizi, nayo ni machache. Kwa siku mbili kabla ya kipimo usijamiiane, usiingize dawa, krimu wala tamponi ukeni, na usijioshe ndani. Tunataka kuisoma ngozi laini ya juu ya mlango wa kizazi kama ilivyo, na vitu hivyo huifunika au huikwaruza. Kujiosha nje kwa maji hakuna tatizo. Chagua siku ambayo huna hedhi nzito, kwa kuwa damu hufunika kila kitu. Siku chache baada ya hedhi kukatika ni wakati mzuri. Hedhi ikikuanza ghafla, piga simu ubadilishiwe siku. Lakini kama damu yako haina mpangilio, au haikatiki, njoo hivyohivyo. Damu ya namna hiyo yenyewe ni sababu ya kuangaliwa, na anayesubiri ikatike kwanza anaweza kusubiri mpaka akachelewa.

Kula kabla ya kuja. Kipimo hiki hakihitaji kufunga, na mtu mwenye njaa huzirai upesi. Ukitaka, meza dawa ya maumivu kama nusu saa hadi saa moja kabla: parasetamoli, au ibuprofeni kama huna mimba, huna vidonda vya tumbo na hujawahi kudhurika nayo. Vaa sketi au gauni pana. Beba pedi, beba majibu yako ya awali, na uandike majina ya dawa unazotumia.

Kuna mambo ambayo lazima useme hata usipoulizwa. Kama una mimba au unadhani unayo. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hizo usiziache kwa uamuzi wako, sema tu. Kama unatokwa na damu kupita kiasi unapojikata au unapong'olewa jino. Kama mwili wako unakataa iodini au mpira wa glavu. Kama una kitanzi, ambacho kwa kawaida hakitolewi kwa ajili ya kipimo hiki. Kama unaishi na VVU. Na kama uliwahi kutibiwa mlango wa kizazi, hata kama ni miaka mingi iliyopita, kwa sababu kovu la tiba ya zamani hubadilisha kile kinachoonekana.

Kabla hujavua nguo, uliza swali moja: leo mnaangalia tu, au mkiona kitu mtatibu papo hapo? Vituo vingine huangalia na kutibu siku hiyohiyo, na kwa anayetoka mbali hilo ni jambo zuri. Ubaya ni kulijua ukiwa umeshalala kitandani. Kutibiwa papo hapo ni ridhaa ya pili, tofauti na ya kuangaliwa, na una haki ya kuelezwa kwanza, kukubali, au kusema utarudi siku nyingine. Vilevile una haki ya kuwa na mtu wako ndani ya chumba, na ya kusema simama wakati wowote.

Utavua nguo za chini peke yake na kupewa shuka. Utalala chali, magoti yamekunjwa, miguu imewekwa kwenye vishikizo, makalio yamesogezwa hadi ukingoni mwa kitanda. Mkao huu hauna raha na hatutasema unayo. Usiposogea hadi ukingoni, spekulamu haitapata pembe nzuri na itabidi kuingizwa upya, kwa hiyo sogea mara moja, vizuri. Spekulamu ikiingia, maumivu mengi yanatokana na misuli kukaza. Makalio yabaki yamelalia kitanda, usiyanyanyue. Toa pumzi taratibu kwa mdomo, ulegeze na taya. Ikiuma kweli, sema. Zipo za saizi tofauti, na nyembamba zaidi inaweza kutafutwa.

Kuanzia hapo hadi mwisho ni dakika 10 hadi 20 hivi. Kwanza ute hupanguswa kwa pamba yenye maji ya chumvi, na mlango wa kizazi huangaliwa kabla ya dawa yoyote, mara nyingi kwa mwanga wa kijani. Kijani huifanya mishipa midogo ya damu ionekane myeusi na kujitenga na nyama inayoizunguka.

Kisha inakuja siki, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndiyo moyo wa kipimo chote. Ni asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Pamba iliyoloa huwekwa kwenye mlango wa kizazi na kuachwa kwa dakika nzima. Utahisi baridi, wengine huhisi kuchomachoma, hasa wakiwa na michubuko au fangasi. Seli iliyobadilika ina kiini kikubwa, na imebanana na wenzake. Siki huzigandisha kwa muda protini zilizomo, mwanga unashindwa kupenya, na mahali pale panageuka peupe. Seli nzima ina kiini kidogo, mwanga hupita, na rangi ya waridi hubaki. Weupe huo hauji papo hapo wala haudumu. Unahitaji dakika moja kuiva, na baada ya dakika chache huanza kufifia, ndiyo maana siki hupakwa tena na tena. Mchunguzi mwenye haraka, anayepaka na kuangalia baada ya sekunde 10, anaweza kulikosa doa lililo mbele ya macho yake. Basi ukiona ameinama, kimya, hasemi neno, usiutafsiri ukimya huo kuwa habari mbaya. Anaisubiri dakika iishe.

Na si kila cheupe ni ugonjwa. Weupe mwepesi, unaoonekana kama ukungu na kuondoka upesi, unaweza kuwa ni seli changa zinazojijenga kwa kawaida, au uvimbe wa maambukizi. Unaotia shaka ni weupe mzito kama chokaa, unaokuja haraka na kuchelewa kuondoka, wenye ukingo uliojitenga wazi na nyama ya jirani. Mishipa nayo husomwa: vitone vyekundu, au mistari iliyopangika kama vigae vya sakafu. Mishipa minene iliyojisokota ovyo ndiyo inayomfanya mchunguzi afikirie saratani yenyewe. Baadhi ya vituo hutumia alama za Swede, ambapo mambo matano, yaani weupe, ukingo, mishipa, ukubwa wa doa na jibu la iodini, kila moja hupewa 0 hadi 2, jumla ikiwa 10. Ukiona namba ya namna hiyo kwenye karatasi yako, chini ya 5 kwa kawaida huashiria mabadiliko madogo au hakuna kitu, na 8 kwenda juu humpa mchunguzi shaka kubwa ya mabadiliko makubwa.

Iodini huja mwisho. Seli bapa zilizokomaa zina akiba ya sukari iitwayo glikojeni, nayo ikikutana na iodini hugeuka kahawia iliyokolea. Seli zilizobadilika zimeishiwa na akiba hiyo, kwa hiyo hubaki za manjano. Mpaka wa doa unachorwa mbele ya macho. Iodini hutia doa kwenye nguo, na utatokwa na majimaji ya kahawia baadaye. Si damu, ni rangi.

Lipo eneo moja ambalo mchunguzi hulitafuta kuliko yote, nalo hamtalisikia likitajwa kwa sauti. Ni pale seli laini zinazotoka ndani ya mfereji wa kizazi zinapokutana na seli bapa za nje. Tunaliita ukanda wa mageuzi, na karibu mabadiliko yote ya hatari huanzia hapo. Kipimo kizuri ni kile ambacho ukanda huo umeonekana wote, kuzunguka pande zote. Kwa mwanamke kijana mara nyingi uko nje, unaonekana bila shida. Wataalamu huuita aina ya 1. Aina ya 2 sehemu yake imeingia ndani ya mfereji lakini bado inaweza kuonekana yote, pengine kwa msaada wa kifaa kidogo cha kupanulia. Aina ya 3 haionekani yote. Mwanamke aliyekoma hedhi mara nyingi ni wa aina hii, kwa kuwa umri huurudisha ukanda ndani, na ngozi yake imekuwa nyembamba, kavu, hutoa damu ikiguswa. Anaweza kupewa dawa ya homoni ya kuweka ukeni kwa wiki kadhaa ndipo aangaliwe tena.

Tunalisema hili kwa ajili ya sentensi moja inayoandikwa kwenye karatasi na kusomwa vibaya: ukanda wa mageuzi haukuonekana wote. Mtu huisoma akasikia, hakuna kilichoonekana. Akafurahi, akaenda zake. Sentensi hiyo ina maana kwamba kipimo hakijajibu swali. Ukikutana nayo, uliza: basi hatua inayofuata ni ipi? Mara nyingi itakuwa ni kukwangua seli kutoka ndani ya mfereji, au kurudia kipimo, au wakati mwingine kukata kipande kikubwa zaidi kwa uchunguzi.

Sasa ile punje ya mchele. Doa la kutiliwa shaka likionekana, huchukuliwa kinyama, yaani biopsi, kwa koleo refu lenye mdomo mdogo. Kipande ni cha milimita 2 hadi 4. Inauma? Mlango wa kizazi hauhisi mkato kama ngozi ya kidole inavyohisi. Wengi husikia kubanwa kwa ghafla, kama tumbo la hedhi lililokaza mara moja, likalegea baada ya sekunde chache. Wachache huumia zaidi, na hao si waoga, miili haifanani. Mtoa huduma anaweza kukwambia ukohoe kwa nguvu wakati anakata, na ukohoe kweli, kikohozi hicho hupunguza maumivu. Ganzi inaweza kutumika, ingawa kwa kipande kimoja vituo vingi haviitumii kwa sababu sindano yenyewe nayo huuma.

Msihesabu vipande. Ni kosa la kawaida: amekatwa mara tatu, anasema ugonjwa umenienea. Utafiti umeonyesha kwamba kipande kimoja peke yake kinaweza kukosea mahali penye mabadiliko makubwa, hata mikononi mwa mtaalamu, na kwamba kuchukua viwili hadi vinne kutoka sehemu tofauti za weupe hupunguza kosa hilo. Tungekuwa na wasiwasi zaidi na aliyechukua kimoja akatosheka wakati madoa ni matatu. Pia huenda ndani ya mfereji pakakwanguliwa kwa kifaa chembamba. Hilo hubana kuliko kinyama chenyewe, lakini huisha chini ya dakika.

Damu huzuiwa kwa dawa ya madini ya chuma yenye rangi ya haradali, au kwa kijiti cha nitrati ya fedha. Kwa siku kadhaa utaona uchafu mweusi au wa kahawia, wenye chembechembe kama masalia ya kahawa chini ya kikombe. Mtu asiyeambiwa haya huamka usiku akidhani anaoza. Ni dawa ile imechanganyika na damu kidogo. Usiioshe kwa ndani.

Usishuke kitandani haraka. Mlango wa kizazi ukishikwa, kwa baadhi ya watu mapigo ya moyo hushuka ghafla: jasho jembamba, kichefuchefu, masikio yanavuma, macho yanaingia giza. Lala dakika chache, mwambie mtoa huduma, itapita. Hatari hapo ni kuanguka ukijikaza kusimama.

Kabla hujatoka chumbani, fanya jambo dogo ambalo tungependa kila mgonjwa alifanye. Omba uonyeshwe kichupa chenye kinyama chako, kikiwa ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, na usome jina lililobandikwa. Kama vimechukuliwa vipande kutoka sehemu mbili, viwe na alama za kuvitofautisha. Kichupa kisicho na jina hakina mwenyewe maabara, na jina lililokosewa herufi mbili linaweza kuwa la mtu mwingine. Halafu hakikisha namba ya simu waliyonayo ni yako ya sasa, na uulize majibu yatatoka siku gani na utayafuata kwa nani. Maabara za patholojia, zinazopima vinyama, hazilingani: huweza kuwa siku chache, huweza kuwa wiki kadhaa. Jibu la "tutakupigia" halitoshi. Omba tarehe, na tarehe hiyo ikipita kimya, nenda mwenyewe. Kipimo hiki hupotea mahali hapa kuliko mahali pengine popote. Mkono wa mchunguzi unaweza kuwa mzuri na darubini nzuri, kisha karatasi ikalala kwenye faili na mgonjwa akachukulia kwamba kimya ni heri.

Nyumbani, kama uliangaliwa tu bila kukatwa, endelea na maisha yako siku hiyohiyo. Kama ulikatwa, usijamiiane wala kuingiza kitu chochote ukeni mpaka damu ikatike kabisa. Vituo vingi hushauri siku chache hadi wiki moja. Kuoga, kutembea, kufanya kazi za kawaida, ruksa. Rudi hospitali bila kusubiri tarehe kama damu inajaza pedi nzima ndani ya saa moja na inaendelea hivyo, kama una homa ya nyuzi 38 au zaidi, kama uchafu unatoa harufu kali, au kama maumivu ya chini ya tumbo yanazidi badala ya kupungua. Haya si ya kawaida, lakini hutokea.

Kwa mjamzito, kuangaliwa ni salama kwake na kwa mtoto. Kinyama huchukuliwa tu kama kuna shaka ya kweli ya ugonjwa mkubwa, kwa kuwa wakati wa mimba mlango wa kizazi una damu nyingi. Mfereji haukwanguliwi. Na kama si saratani, tiba husubiri hadi baada ya kujifungua.

Anayeishi na VVU ana uwezekano wa mara 6 zaidi wa kupata saratani hii kuliko asiye na VVU, na mabadiliko kwake yanaweza kwenda haraka. Kwa hiyo kwake vipindi vya kurudi ni vifupi zaidi, na kumeza dawa za kufubaza virusi bila kukosa ni sehemu ya ulinzi wa mlango wa kizazi pia.

Majibu ya kinyama mara nyingi yatakuwa na herufi tatu, CIN, na namba. Herufi hizo hazimaanishi saratani. Zinamaanisha seli za juu zimebadilika na bado hazijavuka kwenda chini. CIN 1 ni mabadiliko madogo, na mengi huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili. Tiba yake ya kawaida ni kufuatiliwa. CIN 2 iko katikati: kama nusu hurudi nyuma ndani ya miaka miwili, kwa hiyo mwanamke kijana anayetaka kuzaa anaweza kushauriwa asubiri kwa uangalizi wa karibu, na mwingine akatibiwa. CIN 3 hutibiwa. Ufuatiliaji wa wanawake ambao hawakutibiwa ipasavyo huko New Zealand ulionyesha kwamba takriban 3 kati ya 10 walipata saratani ndani ya miaka 30. Ona namba zote mbili katika sentensi hiyo: hatari ni kubwa, na muda ni mrefu. Ndiyo maana hatukuhimizi kukimbia kwa hofu usiku huu, na ndiyo maana hatukuruhusu kuacha.

Matibabu yenyewe ni mafupi. Sehemu iliyobadilika inaweza kugandishwa kwa baridi, kwa kawaida dakika 3 za kugandisha, 5 za kuyeyuka, na 3 za kugandisha tena. Inaweza kuunguzwa kwa ncha yenye joto la nyuzi 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30. Njia hizi mbili hazifai kama doa limeingia ndani ya mfereji, au kama kuna shaka ya saratani, kwa sababu huharibu seli bila kubakiza kipande cha kupeleka maabara. Hapo hutumika waya mwembamba wa umeme, kwa ganzi, kukata eneo lote na kulipima. Kolposkopi na kinyama chake haviharibu uwezo wa kushika mimba. Kukatwa kwa waya huongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati katika mimba zijazo, na uwezekano huo hukua kadiri kipande kilivyokatwa kwa kina. Kama bado unataka watoto, liseme hilo kabla ya waya, na ukipata mimba baadaye mwambie mkunga kwamba uliwahi kukatwa.

Aliyetibiwa hajamaliza. Shirika la Afya Duniani linashauri apimwe tena baada ya miezi 12, kwa kipimo cha HPV pale kinapopatikana, kwa sababu tiba inaweza kuacha kipande kidogo ukingoni na kipande hicho hakiumi wala hakitoi damu. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yako kabla hujaondoka siku ya matibabu, si baadaye, na mtu mmoja nyumbani aijue.

Tupate maswali sasa. Anayependa kuuliza faraghani, wauguzi wawili wako chumba cha pembeni.